Mlima Wetu Ukutani Nyamitanga

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliacha shule darasa la sita, na kalamu hii inavuja, kwa hiyo mkikuta doa jeusi jueni si herufi. Kurasa hizi zimenichukua siku nne. Neno nililolikosea lisomeni kwa sauti, mtalitambua.

Mmeniuliza mara nyingi hapa kambini Nakivale, bombani, "Safari ya Mbarara ilikuwaje?" nami nikajibu, "Tulifika, tukarudi." Mnanijua. Mbele ya watu watatu ulimi wangu unajificha. Lakini jambo hili haliwezi kubaki kwangu, maana ninyi nyote mtakaopitishiana daftari hili mlikulia pale kwetu Kongo, na utotoni mliteleza kwenye Jiwe la Mkanda mpaka kaptula zikatoboka.

Kaka yangu Bahati, kama mnavyojua, alirudi kwetu Kongo. Amechoma matofali na anataka kujenga nyumba ya kudumu kwenye kiwanja cha marehemu baba, hatua chache tu kutoka kwenye Jiwe, ili mke wake na watoto wawili waingie kabla ya mvua kubwa. Alipompigia simu Koko, mama yake baba, kumpa habari hiyo njema, Koko alisema, "Usijenge pale."

"Kwa nini, Koko?"

"Pale si pazuri."

"Baba alikaa pale miaka yote, hakuna kitu kilimukuta."

Koko akanirudishia simu bila kuongeza neno. Nilimwomba aeleze. Akakataa. Nanyi mnakumbuka desturi yetu: mlima ule wa nyuma ya nyumba zetu haukutajwa jina wala kunyooshewa kidole. Ukitaka kuuonyesha, unainua kidevu. Sisi watoto tulifikiri ni adabu tu, kama mtu kutotaja jina la mkwe wake.

Ndipo jirani yetu Mama Consolata, yule Mrundi anayeimba kwaya ya Wakatoliki, aliporudi kutoka maombi Nyamitanga, kule Mbarara, akatuambia ameona picha ya ajabu kwenye nyumba moja ya mapadre wazee. Picha ya zamani, mlima unaanguka, watu wanakimbia.

"Nilijua ni kwenu," alisema. "Wanawake wamebeba vikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Sisi Warundi tunabeba kichwani. Ninyi Wakongo ndio munatembea na mizigo kama munavuta ng'ombe."

Mimi nilicheka. Koko hakucheka. Aliweka chini majani ya sombe aliyokuwa anachambua, akaniambia, "Mutoto, miye siwezi sema. Kama ile picha iko, picha itasema. Twende."

Kutoka Base Camp hadi penye udongo

Tulipata nafasi kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa matoke. Koko aliketi mbele karibu na dereva, mimi nyuma juu ya mikungu pamoja na mbuzi mmoja ambaye alikula ukingo wa kofia yangu. Dereva alikuwa Munyankore mwenye maneno mengi, na Kiswahili alichojifunza kwa kuuza na kununua.

Ng'ombe wa pembe ndefu walituzuia mara ya kwanza. Mchungaji wao alitutazama kama sisi ndio tuliokuwa tumesimama kwenye njia yake. Tulisubiri mpaka ng'ombe wa mwisho alipomaliza kujikuna kwenye taa ya gari.

Baadaye, kwenye vilima vya Isingiro, tulifika mahali ambapo mvua ilikuwa imeangusha ukingo wa barabara. Si mwingi. Udongo wa kujaza pikapu labda tatu, na mti mmoja wa mkaratusi umelala juu yake. Magari mengine yalikuwa yanapita pembeni polepole. Dereva wetu naye akataka kupita. Koko akafungua mlango gari likiwa bado linatembea.

"Kaaka! Bibi! Nafanya nini?" dereva alipiga kelele. "Hii udongo iko kidogo tu!"

"Hata ule ulianza kidogo," Koko alisema.

"Ule gani?"

Koko alishuka, akasimama katikati ya barabara, akatazama juu ya kilima kwa muda mrefu sana, kisha akaniuliza, "Unaona maji inatoka wapi?" Nikasema sioni maji. Akasema, "Angalia chini ya ile miti. Jana pale palikuwa pakavu." Sikujua amejuaje mambo ya jana ya mahali ambapo hajawahi kufika.

Alikataa kupanda gari. Dereva alimbembeleza, akamtania, akamwambia matoke yake yataiva yote barabarani kwa sababu ya mwanamke mmoja. Mwishowe Koko alivua viatu, akashuka bondeni, akazunguka kwa miguu kupitia mashamba ya maharage ya watu, nami nyuma yake nikiomba radhi kwa kila aliyetutazama. Gari lilipita salama, likatusubiri upande wa pili. Dereva alicheka mpaka Mbarara. Koko aligeuza shingo, akakitazama kile kilima mpaka kikapotea.

Kakoba

Tulilala Kakoba kwa Mama Furaha, fundi cherehani anayesali kanisa moja na sisi. Pikipiki za boda boda hazinyamazi pale. Mama Furaha alitupikia bugali na samaki wadogo, akamuuliza Koko anakwenda kuona nini Nyamitanga.

"Picha," alisema Koko.

"Ya nani?"

"Ya padre mumoja."

"Koko! Sisi tuliokoka, wewe unarudia mapadre?"

"Alikuwa ananipa mahindi ya kuchoma," Koko akasema, na hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyokuwa amenipa mimi kuhusu jambo hilo.

Mama Furaha akazidi kumuuliza, nami nikajua sehemu ya kwanza. Koko alipokuwa mtoto ambaye meno ya mbele yamemng'oka, padre mmoja Mzungu alikuwa anapanda kilima cha ng'ambo ya mto na sanduku la rangi, anachora. Aliwapa watoto mahindi ili wasimame kimya achore miili yao. Zaidi ya hapo Koko alifunga mdomo, akaomba chumvi.

Kuvuka Rwizi

Asubuhi tulichukua boda boda moja, watatu juu yake. Nilimwambia kijana wa pikipiki, "Nyumba ya mapadre wazee." Akaitikia kwa kichwa kwa uhakika mkubwa, akavuka daraja la Rwizi, akatushusha kwenye shule. Mlinzi wa shule alidhani nimekuja kuandikishwa, akaniambia nimechelewa muhula na kwamba nina ndevu. Nilishindwa kumweleza. Koko alinivuta mkono tukaondoka, tukauliza kwa miguu mlango baada ya mlango, mpaka tukafika kwenye nyumba ndefu ya bati jekundu yenye miparachichi miwili mbele.

Mlango ulifunguliwa na Mzee Tumwine, mtunza nyumba. Zamani alikuwa mpishi jeshini, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Nakivale," nilisema, na sauti ikaishia hapo.

"Ah, Nakivale! Njaa. Kaa chini, chakula iko."

Nilitaka kusema hatukuja kuomba chakula. Maneno hayakutoka. Akaleta matoke, akaleta na bakuli la kitu cheupe kizito, baridi. Koko alichovya kidole, akanusa siagi, akajipaka mgongoni mwa mkono.

"Mafuta yao ni mazuri," aliniambia.

"Mama! Hiyo ni eshabwe! Ya kukula na matoke!" Mzee Tumwine alishika kiuno kwa kucheka. Koko naye, kwa mara ya kwanza tangu simu ya Bahati, alicheka. Tukala. Ilikuwa tamu. Ilipita saa nzima kabla sijapata ujasiri wa kusema kwamba tumekuja kuona picha.

"Picha gani?"

"Ya mlima."

"Ah! Ile ya Siku ya Mwisho."

Chumba cha kulia

Ilikuwa kwenye chumba ambamo mapadre wanakula, nyuma ya kabati la sahani. Mzee Tumwine alilisukuma kabati kwa bega. Picha ni kubwa, urefu wake kama mlango uliolazwa, imechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye kitambaa kilichokazwa juu ya mbao. Pembe moja imeliwa na mende.

"Padre alichora kule Kongo, akaleta, akafia hapa, kabla ya mimi kuja," alisema. "Ni mwisho wa dunia. Katekista nafundisha watoto nayo. Naona? Watenda dhambi nakimbia."

Koko alikuwa ameipa picha mgongo. Alisimama akitazama dirisha.

"Sema unaona nini," aliniambia.

Ninyi mnanijua. Kusema mbele ya mzee nisiyemjua, ndani ya nyumba ya watu! Lakini Koko hakugeuka, na niliona hatageuka mpaka niseme. Basi nikaanza.

Nikasema naona mlima una jeraha jekundu kutoka juu hadi mtoni. Naona migomba inashuka imesimama wima, yote pamoja, kama watu wanaotembea. Naona nyumba ya nyasi imeinama, na moshi wa jikoni bado unatoka juu yake. Naona wanawake wana vikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mmoja kikapu kimefunguka na mihogo inamwagika. Naona ng'ombe mmoja amegeuza shingo.

"Na chini?" Koko aliuliza.

Chini, karibu na mto, kulikuwa na jiwe jeusi kubwa kuliko nyumba, na katikati yake mstari mweupe unaolizunguka.

Nilisogea mpaka pua yangu ikakaribia kugusa rangi. Mstari ule mweupe unapinda kidogo upande wa kushoto, pale ambapo tulikuwa tunaweka mguu wa kwanza ili kupanda. Mpindo ule ule ulikuwepo.

Jamani, lilikuwa Jiwe la Mkanda. Jiwe ambalo mama zetu walianikia mihogo. Nilidhani Mungu aliliweka pale siku alipoumba mto. Kwenye picha lilikuwa limezungukwa na udongo mbichi, na nyuma yake kulikuwa na njia ndefu kama ya kitu kilichoburutwa kutoka kileleni. Jiwe halikuwa la pale. Lilishuka.

"Koko," nilisema, "hapa ni kwetu."

"Chini ya ule udongo kuna nini?"

"Sijui. Ni nyekundu tu."

"Angalia vizuri."

Nikaangalia. Karibu na Jiwe, rangi nyekundu ilikuwa imebanduka sehemu ndogo kama kiganja, na chini yake kulikuwa na rangi nyingine, ya kijani. Ndani ya ile kijani niliona paa za nyasi, ndogo ndogo, nne, na uzio, na kitu kama mwanamke ameinama. Padre alikuwa amekwisha kuuchora mji wote ukiwa mzima. Kisha akaufunika kwa nyekundu.

Nilimwambia Koko nilichoona. Niliposogea nyuma niligonga kabati, sahani zikalia.

Koko akageuka. Akatembea mpaka kwenye picha. Na mbele ya macho yangu akainua mkono wake wa kuume, akanyoosha kidole, kidole kabisa, akakiweka kwenye ule mlima.

"Nyumba ya mama yangu Nabintu," alisema. "Hapa. Alikuwa anasaga. Mudogo wangu Mugisho alikuwa mugongoni mwake. Hapa ni kwa shangazi Nsimire. Hapa ni kwa babu. Miye nilikuwa ng'ambo kwa padre, nimesimama kwa ajili ya mahindi."

Kisha akaonyesha ukingo wa picha, ambako kuna kundi la watoto wamechorwa kwa mgongo. Mmoja wao ameinua mkono kuelekea mlimani, na mwanamke mkubwa anaupiga mkono ule ushuke.

"Yule ni miye. Niliona ufa kule juu, unafunguka kama mudomo. Nikaonyesha kwa kidole. Yule mama akanipiga, akasema usiuite. Na mulima ukakuja."

Mzee Tumwine alikuwa amevua kofia.

"Miaka yote hii," Koko alisema polepole, "nilijua ni kile kidole."

"Mama," Mzee Tumwine alisema, "mimi nimeona mizinga. Hata mizinga haiangushi mlima. Kidole ya mtoto? Ni mvua, mama. Ni mvua tu."

Lakini mimi nilikuwa nafikiri jambo jingine. Nilikumbuka shamba letu, jinsi mihogo ilivyokuwa inakomaa haraka kuliko ya watu wa ng'ambo, na jinsi baba alivyojivuna kwa udongo ule mnene.

"Koko, ulijua? Uliolewa pale pale, ukazaa pale, na ulijua?"

"Nilijua."

"Sisi tulilala juu yao!"

"Miye pia nililala." Hakulia. "Ilipita miaka mingi fasi ile ikiwa tupu. Kisha watu wakaona udongo ni muzuri, wakaanza kulima, wakajenga. Babu yako naye. Bakubwa waliojua walikuwa wachache, na kusema ni kuuita tena. Ningesema nini?"

"Na sasa?"

"Sasa padre ndiye amesema kwanza," alisema. "Si miye niliyeuita."

Simu yangu ni kitochi, haina kamera. Mzee Tumwine ana nzuri, lakini alisema padre mkubwa hayupo na yeye hawezi kuruhusu picha ya simu. Akafikiri. "Lakini kuchora kwa mkono, hakuna mtu alikataza." Akaniletea penseli. Nilikaa sakafuni mpaka jua likahama dirisha hadi dirisha. Nachora polepole kama ninavyoandika. Nilichora Jiwe, njia yake, zile paa nne, ufa. Koko alikuwa ananisimamia: hapana, nyumba ya Nsimire ilikuwa juu zaidi, hapana, karibu ya muto kuliko hapo.

Simu kutoka Kakoba

Mama Furaha aliupiga picha mchoro wangu kwa simu yake, akamtumia Bahati. Bahati alipiga simu hata kabla hatujamaliza chai.

"Nimeona," alisema. "Umechora vizuri. Lakini umechora mwenyewe, mudogo wangu. Hata miye naweza kuchora simba jikoni. Koko amekuambia, umechora."

Nikaanza kueleza mambo ya rangi, nikakwama, nikarudia, nikakwama. Bahati akasema kwa upole kwamba matofali yamekwisha kupoa, fundi anakuja Jumatatu, na tumwombee.

Koko akaninyang'anya simu, ambayo Mama Furaha alikuwa ameifungua sauti sote tusikie. Akataja mlima kwa jina. Mama Furaha, ambaye ni wa kwetu, aliacha kushona. Koko akataja jina la mama yake, la mdogo wake, la shangazi, la babu, mmoja mmoja, na mahali pa kila nyumba kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye Jiwe. Akasema, "Mama yangu alikuwa anasaga mutama. Hakusikia wakimwita, kwa sababu jiwe la kusagia lilikuwa linapiga kelele."

Nilisikia Bahati akitembea, kisha akasimama.

"Koko," alisema baadaye, na sauti haikuwa yake. "Juzi nilichimba shimo la choo. Kimo cha watu wawili. Kule chini nilikuta jiwe la kusagia."

Mama Furaha alisogeza kiti karibu.

"Nilifikiri ni bahati njema. Nimeliweka mulangoni, watoto wakija wapangusie matope."

"Lina pengo?" Koko aliuliza. "Upande wa mukono wa kushoto, pengo kama limeumwa?"

"Lina pengo, Koko."

Koko alimpa Mama Furaha simu, akaketi chini kwenye vipande vya vitambaa, akafunika uso kwa kitenge. Mama yake hakuwahi kuliliwa wala kukaliwa matanga, kwa sababu aliyefunikwa na mlima hatajwi, na asiyetajwa utamliliaje? Alilia pale Kakoba mchana mweupe, cherehani zimesimama, na wanawake wa milango ya jirani wakaja wakaketi naye ingawa hawakujua ni msiba wa nani.

Kurudi

Safari ya kurudi sina la kusema. Gari lilikuwa zuri. Penye ule udongo wa Isingiro Koko hakushuka. Alinyoosha kidole dirishani akamwonyesha dereva mahali maji yanapotoka, akamwambia awaambie wenye nyumba za chini.

Bahati amefukia lile shimo. Jiwe la kusagia ameliosha, ameliweka juu ya kaburi lisilo na mtu alilolijenga kwa matofali yake, ng'ambo ya mto, na matofali yaliyobaki anayabeba huko kidogo kidogo. Majirani wanamcheka. Wanasema amechanganyikiwa kwa sababu ya mchoro wa mtoto.

Hao majirani ni kaka zenu, wajomba zenu na mama zenu wadogo. Nyumba zao ziko pale pale. Juzi Bahati alipanda kileleni. Anasema kuna ufa, mguu unaingia.

Kwa hiyo ninaomba mniandikie. Si kunisifu wala kunisahihisha herufi. Andikeni kwenye kurasa zilizobaki mwishoni mwa daftari hili: nyumba ya kwenu ilikuwa hatua ngapi kutoka kwenye Jiwe, nani analala humo leo, na ni mzee yupi wa kwenu aliyekuwa anawapiga mkono mkinyoosha kidole. Muulizeni mzee huyo kama bado yu hai. Akikataa kusema, mwambieni kwamba mlima umekwisha kutajwa, na aliyeutaja ni Koko wangu, na hakuna kilichomdhuru.

Unaitwa Lushembe. Nimeuandika. Nanyi uandikeni.